Mguu Wako Ulisikia Nini?

Vijana wangu wa gereji,

Juzi mlinipigia simu mkiwa wote kwenye spika, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kunieleza. Nilichoelewa ni hiki: dada mmoja amewaletea gari jeupe. Anasema alipokuwa akitoka Chalinze aliwasha kruzi, ile mashine ya kushika mwendo bila mguu, na alipotaka kuiachia gari likakataa kupunguza. Mmechomeka kompyuta, kompyuta imesema hakuna kosa. Mmelizungusha mtaani, limekwenda vizuri. Sasa mnataka kumrudishia funguo zake na kumwambia kwa adabu kwamba huenda alichanganya pedeli.

"Mzee, kompyuta haidanganyi," mmoja wenu alisema.

Niliwaambia nitawajibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu mnanijibu kabla sijamaliza kusema. Jibu lenyewe ndilo hili. Ni refu. Lisomeni mkiwa mnangoja chai.

Kruzi mimi sikuitengeneza sana. Macho yangu yalinitoa kazini kabla magari ya aina hiyo hayajajaa mjini. Lakini gari linalokimbia bila kuombwa nalijua tangu ujana wangu, miaka ya Ujamaa, na niliyemwona akilishughulikia vizuri kuliko wote ni Fundi Nandonde. Nikisema ninamshukuru mtu huyo, sisemi kwa mazoea. Nina sababu, na mtaiona.

Gereji yetu ilikuwa Gerezani, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Fundi Nandonde alikuwa Mmakua wa Masasi, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo ilitulazimu kuzima injini ili tumsikie. Jumapili alikwenda kanisani. Ramadhani alishinda na njaa pamoja nasi, kwa sababu, alivyosema, hawezi kujificha nyuma ya lori akila mihogo kama mwizi. Shule aliishia madarasa ya chini, kama mimi. Mengine tulijisomea wenyewe, yeye kwa kufungua na kufunga, mimi kwa vitabu vya ufundi vilivyotoka mkono hadi mkono bila majalada, kamusi ikiwa pembeni.

Vipuri miaka ile vilikuwa vya kusimuliwa. Nyuma yetu palikuwa na duka la Bwana Jayanti, Mhindu mwenye miwani minene, ambaye rafu zake zilijaa maboksi matupu aliyoyapanga vizuri sana, majina yakitazama mbele.

"Bwana Jayanti, raba ya kukalia injini ipo?"

"Boksi lake lipo."

"Na raba yenyewe?"

"Njoo mwezi ujao, nitakwambia tena haipo."

Lakini akishakwisha kukutania, alikuwa anaingia ndani na kutoka na kipande cha zamani, kilichochakaa, anakuazima ukifanye kielelezo. "Nenda kwa Athumani," anasema. Hakuwa na haja ya kutusaidia kutengeneza kitu ambacho yeye alitakiwa kutuuzia. Alitusaidia. Naye namshukuru.

Athumani alikuwa mshona katambuga, zile ndala za matairi ya lori. Alikaa ukutani karibu na soko, na kisu chake kilipita kwenye tairi kama kwenye papai. Wengi waliokwenda kwake walikuwa na miguu. Sisi tulikwenda na injini. Nawaeleza kwa nini, maana gari mnalotengeneza ninyi lina mambo hayohayo ila yamefunikwa na plastiki. Injini haikai juu ya chuma cha gari moja kwa moja. Inakaa juu ya raba, kushoto na kulia, ili mtetemo usiingie ndani. Raba hiyo imegandishwa katikati ya sahani mbili za chuma, moja imefungwa kwenye injini, nyingine kwenye chesisi. Raba ikifa na mpya hakuna, Athumani alikukatia nyingine kutoka kwenye tairi, wewe ukaibandika kwenye sahani zilezile kuukuu kwa gundi, ukaiminya kwa jeki mpaka ishike.

"Mguu wa mtu na mguu wa injini ni kitu kimoja," Athumani alipenda kusema. "Vyote vinataka kukalia pazuri."

Hivyo ndivyo nusu ya magari ya mji huu yalivyotembea. Na msidhani yalitembea vibaya.

Kabla sijafika kwa Mzee Mpili, dereva ambaye habari yake ndiyo jibu langu, niwaambie kwamba kruzi hamkuianza ninyi. Madereva wa malori ya kusini walikuwa nayo. Ilikuwa fimbo. Dereva aliikata kwa kipimo cha gari lake, ncha moja akaikita chini ya kiti, nyingine kwenye pedeli ya mafuta, na lori likashika mwendo wake mpaka alipoipiga teke. Waliiita "utingo bubu", kwa kuwa ilimsaidia dereva na haikuomba chakula.

Siku moja likaja lori lililovunja ukuta wa jirani na choo chake. Dereva, jamaa mnene mwenye maneno mengi, aliapa kwamba gari lilijiendesha lenyewe. Fundi Nandonde akamwuliza lile swali ambalo alimwuliza kila dereva, kabla hajagusa hata boneti.

"Mguu wako ulisikia nini?"

"Haukusikia kitu, Fundi."

"Hata kidogo?"

"Utasikia vipi? Ulikuwa juu ya dashibodi."

Tulicheka mpaka mwenye choo naye akacheka. Fundi alitabasamu tu, akaitafuta fimbo, akaipata chini ya kiti. Lakini angalieni alichofanya baadaye. Hakuivunja ile fimbo kwa hasira. Alimwonyesha dereva kwamba ikikitwa pembeni ya pedeli hutoka kwa teke dogo, na ikikitwa katikati hukwama. Kisha akamwambia kwamba mtu mwenye mguu mzima hauachii mti kazi ya mguu. Dereva aliondoka bila fimbo. Kama alikata nyingine mbele ya safari, sijui.

Niliwahi kumwuliza Fundi kwa nini anaanza na mguu na si na injini. Akanijibu kwamba injini utaikuta kesho vilevile, lakini mguu unasahau. Kila siku moja ikipita, dereva anaanza kukumbuka alichoambiwa na watu badala ya alichosikia mwenyewe.

Sasa Mzee Mpili.

Alikuwa dereva wa gari la mikate la shirika moja la umma. Jina la shirika naliacha, halina lawama peke yake. Mzee Mpili alikuwa mtu wa swala tano, mkimya, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa na rangi ya maziwa. Alikuwa ameendesha tangu kabla ya uhuru na hakuwahi kugonga hata kuku. Alikuwa amebakiza kidogo tu kustaafu.

Asubuhi moja alisimama kwenye kona ya soko kuwapisha wapagazi. Walipopita, akaweka gia ya kwanza na kuondoka. Gari likaruka. Liliingia kwenye vyungu vya Mama Somoe, likausukuma mkokoteni uliokuwa umejaa nyanya, likasimama kwenye nguzo ya umeme na injini ikazimika. Mwenye mkokoteni alivunjika mkono. Waliokuwa mbali waliziona nyanya wakadhani ni maafa makubwa zaidi, na habari iliyofika Ilala ilikuwa kwamba Mzee Mpili ameua.

"Mzee kalewa!" mmoja alipiga kelele.

"Mpili huyu? Alewe uji?" mwingine akamjibu.

Shirika lilikuwa na karakana yake. Mafundi wake walilipima gari, wakalipima tena. Pedeli inarudi. Kabureta safi. Breki zinashika. Wakaandika kwamba gari ni zima. Na gari likiwa zima, mbovu ni nani? Kikao cha nidhamu kikapangwa wiki iliyofuata. Mzee angefukuzwa, leseni yake ingekwenda polisi, na baada ya hapo kesi ya kumjeruhi mtu.

Alikuja kwetu kwa miguu. Tulimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama. Fundi alimpa kiti chake mwenyewe.

"Wanasema nilikanyaga mafuta nikidhani ni breki," alisema. "Nimeambiwa nikubali, watanihurumia."

"Na wewe unasemaje?"

"Fundi, nikikubali nitakuwa nimesema uongo. Nikikataa, naonekana mzee mbishi."

"Mguu wako ulisikia nini?"

Mzee Mpili alifikiri. Kisha akasema, "Pedeli ilinikimbia."

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akifunga tairi akashindwa kujizuia. "Labda ilikuwa inawahi futari!"

Fundi hakucheka. "Ilikukimbia kwenda wapi, mzee? Juu au chini?"

"Chini. Niliigusa kidogo tu, ikaondoka chini ya kiatu. Mimi naifuata, yenyewe inatangulia."

Hapo Fundi Nandonde akafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Alichuchumaa, akaweka kiganja chake mbele ya kiti, kitako chake kikigusa ardhi, vidole vikitazama juu, kama pedeli ilivyokaa.

"Kanyaga. Nionyeshe."

"Nikukanyage mkono, Fundi?"

"Kanyaga, mzee."

"Hapana. Haifai. Wewe ni mtu mzima, una watoto."

"Mkono huu umekanyagwa na magari. Wewe vua kiatu tu."

Mzee Mpili akavua kiatu, akaona haya, akasema bismillahi, akaweka mguu. Fundi akasukuma kiganja dhidi ya unyayo. "Ilikuwa hivi? Ngumu, inakusukuma?" Hapana. Akakiacha kiganja kimelegea bila kusogea. "Hivi? Imekufa tu, haina nguvu?" Hapana. Kisha akakiondoa taratibu, kikienda chini na mbele, na mguu wa mzee ukawa unakifuata hewani.

"Hivyo!" Mzee alisema. "Hivyo hivyo. Wallahi, Fundi, ni hivyo."

Vijana, tulieni hapa kidogo, kwa sababu kazi yote ilifanyika kwenye kile kiganja. Mtu akikanyaga mafuta akidhani ni breki, mguu unasikia kitu kikiupinga, kwa sababu yeye ndiye anayesukuma. Kabureta ikikwama, au springi ya kurudisha ikikatika, pedeli inabaki ilipo au inalegea. Lakini pedeli ikimtoroka mtu kwenda chini, maana yake kuna kitu upande wa pili kinaivuta. Na upande wa pili wa pedeli ya mafuta kuna injini tu.

Gari lile halikuwa na waya laini kama ya siku hizi. Kutoka kwenye pedeli hadi kwenye kabureta, iliyokaa juu ya injini yenyewe, palikuwa na fimbo ya chuma. Sasa chukueni raba ya injini iliyoachana na sahani yake. Gari likisimama, injini imelala juu yake kwa uzito wake, kila kitu kiko mahali pake, ukitazama huoni ufa. Lakini ukiondoka na mzigo, nguvu inayozungusha magurudumu inataka pia kuipindua injini upande. Raba iliyoshika inaikatalia. Raba iliyoachia inaiacha inyanyuke. Injini ikinyanyuka inaivuta fimbo, fimbo inafungua mafuta, mafuta yanaongeza nguvu, nguvu inainyanyua injini zaidi. Injini inajikanyagia mafuta yenyewe. Ikizimika, inashuka na kutulia kama mtoto aliyevunja sahani.

Fundi alisimama, akajifuta kiganja kwenye suruali. Aliniita pembeni.

"Ile raba unaikumbuka?"

Niliikumbuka. Karakana ya shirika ilikuwa imezidiwa na kazi wakati wa masika, gari lile likaletwa kwetu. Raba ya kushoto aliikata Athumani, na aliyeibandika ni Fundi Nandonde kwa mikono yake.

Tulikwenda kumwona Athumani. Aliposikia, aliweka kisu chini.

"Fundi, neno hujuma unalijua," alisema. "Gari la umma. Raba ya katambuga. Wakisema tumehujumu mali ya umma, nani atatutetea? Mimi nina leseni ya kushona ndala."

"Wewe hutatajwa. Ulikata nilivyokwambia."

"Na wewe?"

"Mimi nitasema."

"Gereji yako itafungwa. Hawa vijana watakula wapi?" Akaninyooshea kidole.

Fundi aliokota kile kisu, akamrudishia. "Athumani," alisema, "sasa hivi kuna mtu mmoja tu anayejibu kwa ajili ya raba ile, na yeye hata haijui. Nitalalaje?"

Siku iliyofuata tulikwenda shirikani, Mzee Mpili, Fundi na mimi. Afisa usafirishaji alikuwa Mama Mgaya, mwanamke wa Iringa aliyesomea uhandisi, mrefu, mwenye kalamu nyuma ya sikio kama seremala. Nilitegemea atatufukuza. Alitusikiliza mwanzo hadi mwisho bila kukatiza, kisha akamgeukia mzee.

"Ndugu Mpili, siku ile ulibeba nini?"

"Unga, mama. Gari la unga lilikuwa bovu, nikaambiwa nipakie magunia. Siku zote nabeba mikate."

Mama Mgaya akamwita fundi wa karakana yake. "Mlipolipima lilikuwa na mzigo gani?"

"Lilikuwa tupu, Ndugu."

"Basi lipakieni."

Swali hilo, vijana, sisi hatukuwa tumelifikiria. Fundi aliijua injini, Mzee Mpili aliujua mguu wake, lakini aliyeuliza kwa nini siku ile na si siku nyingine alikuwa yeye. Kila nikikumbuka, namshukuru.

Gari lilipakiwa magunia ya unga. Magurudumu yakawekewa mawe, na nyuma tukalifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma ya lango la karakana. Ikabaki nani aingie.

"Aingie Mpili," Fundi alisema.

"Huyo tena?" mmoja wa karakana akaguna. "Atubomolee na ukuta?"

"Mguu wake ndio uliosikia," Mama Mgaya alisema. "Aingie."

Mzee alipanda. Mimi nilisimama pembeni ya boneti iliyofunguliwa, macho kwenye raba ya kushoto. Fundi alimwambia dirishani, kwa ile sauti yake ndogo, "Klachi ndiyo rafiki yako. Pedeli ikikukimbia, kanyaga klachi, basi."

Akawasha. Gia ya kwanza. Akaachia klachi polepole, mnyororo ukakaza, na nikaiona injini ikinyanyuka upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayenyanyuka kitini kumpisha mgeni. Sahani ya juu ikaachana na raba. Fimbo ikavutwa. Ngurumo ikajaa uwanja mzima.

"Hiyo! Hiyo!" Mzee Mpili alikuwa anapiga kelele. "Imenikimbia! Hiyo!"

Akakanyaga klachi. Injini ikashuka, ikakaa palepale, kimya, safi.

Mama Mgaya alisogea, akainama juu ya boneti, kalamu ikamdondoka sikioni.

"Tena," alisema.

Wakarudia. Ikanyanyuka tena.

Mzee alipozima gari hakushuka. Alikaa mle ndani, kofia mkononi, anaitazama pedeli.

"Raba hii ni ya nani?" Mama Mgaya akauliza.

"Ni yangu," Fundi Nandonde alisema. "Niliibandika mwenyewe. Andika jina langu peke yake."

Mama Mgaya aliipapasa ile raba, akaunusa mkono wake. "Ina mafuta."

"Mafuta ya injini yamevuja juu yake. Raba ya tairi inakunywa mafuta, inavimba, gundi inaachia. Nilitakiwa kulifikiria."

Mama Mgaya akawatazama mafundi wake. "Mafuta yanavuja tangu lini?" Wakatazamana. Tangu masika. Gasketi ya kuyazuia hakuna. "Basi na mimi niandikeni," alisema. "Raba ni ya fundi, mafuta ni yetu. Ndugu Mpili shuka, mzee wangu. Gari lilikukimbia kweli."

Mzee Mpili alirudishwa kazini. Mwenye mkokoteni alitibiwa kwa gharama ya shirika, na Mzee alikwenda kumwona kila Ijumaa baada ya swala mpaka mkono ukaunga. Sisi tulizuiwa kugusa magari ya shirika. Mama Mgaya alikuja kutuambia mwenyewe, amesimama mlangoni, akasema ndivyo kanuni ilivyo na kwamba hakufurahi. Neno hujuma halikutamkwa.

Athumani, ambaye hakutajwa, hakukaa kimya. Alikuja gerejini na kipande cha tairi alichokitoboa katikati, akataka bolti ipite humo kutoka sahani hadi sahani, ili raba ikiachia, injini isiweze kunyanyuka zaidi ya unene wa kidole. Tangu siku ile hatukubandika raba bila bolti, na pembeni ya injini tukaongeza mnyororo mfupi. Springi za kurudisha pedeli ya mafuta tukaanza kuzifunga mbili, moja ndani ya nyingine. Na hakuna gari lililotoka kwetu bila kusikilizwa likiwa na mzigo. Nilifanya hivyo mpaka siku ya mwisho ya kazi yangu. Mengi ninayojua nimeyatoa kwenye vitabu, lakini hilo nilipewa na watu waliokubali kuandikwa majina yao.

Asubuhi moja, bado tukiwa tumezuiwa, gari la mikate likasimama mbele ya gereji. Mzee Mpili akatoa kichwa.

"Fundi, panda."

"Mzee, gari hilo nimekatazwa kuligusa."

"Umekatazwa kupanda?"

Fundi alifikiri, akaona kwamba hajakatazwa. Akapanda, na mimi nikajibana nao mbele kwenye harufu ya mikate. Tulishuka Jangwani, tukapanda upande wa Magomeni gari likiwa limejaa, tukageuza. Injini ilitulia. Kwenye ile kona ya soko wapagazi walikuwa wanapita, na Mzee Mpili akasimama kuwapisha. Niliuangalia mguu wake. Ulikuwa umetulia juu ya pedeli, mwepesi, kama unavyowekwa juu ya mkono wa mtu.

Mama Somoe alituona. Alikuwa amepanga vyungu vipya palepale.

"Mzee wee! Leo umekuja na breki?"

"Leo nimekuja na fundi!" Mzee Mpili akajibu, akaweka gia, tukaondoka polepole kati ya vyungu.

Sasa turudi kwa dada wa gari jeupe. Pedeli yake haina fimbo wala waya, ni umeme mtupu, na kruzi yake ni programu. Mimi sijui gari lake lina nini. Ninyi pia hamjui. Kompyuta haijasema gari ni zima. Imesema haikuona kitu wakati mlipoiuliza, gerejini, gari likiwa tupu na baridi. Muulizeni alibeba nini na watu wangapi. Kulikuwa na mlima? Jua la saa ngapi? Alipogusa breki, taa za nyuma ziliwaka? Swichi ya pedeli ya breki ndiyo inayoiambia kruzi iache, na kompyuta inaweza isione swichi inayokwama siku moja moja. Kapeti la chini ya pedeli limefungwa au linateleza? Alibonyeza nini, na kidole chake kilisikia kitufe kikirudi? Na mguu wake ulisikia nini? Msimshikie mguu, mtaonekana wahuni. Mpeni ubao mdogo, mmoja wenu aushikilie kwa mkono, naye akanyage.

Na mwambieni, kabla ya kitu kingine chochote, kwamba likimtokea tena akanyage breki kwa nguvu zote na asiachie, aweke gia huru, na asizime gari mpaka lisimame, maana usukani utakuwa mzito.

Kisha lipakieni gari mlipeleke Chalinze naye akiwa ndani.

Mkirudi, nipigieni. Simu nitakuwa nayo karibu. Ila safari hii spika mpeni yeye, ninyi mnyamaze.